Jua, Gesi na Maji ya Janaba

Hita ya gesi ikifa katika nyumba ya Mji wa Kale wa Mombasa, mwenye nyumba huwa na njia tatu: anunue nyingine ya gesi, afunge shawa ya umeme, au apande darini na kuliachia jua kazi hiyo. Njia ya tatu huzua swali ambalo muuza vifaa hana jibu lake. Wengi wa wakazi wa Kibokoni, Kuze na Mkanyageni wamesomeshwa dini kwa madhehebu ya Shafi, na mwanafunzi anayefungua mlango wa tohara katika Matn ya Abu Shujaa, kitabu kifupi cha fikihi ya madhehebu hayo, hukuta maji yamegawanywa mafungu manne. Fungu la pili ni maji yaliyo tohara na yenye kutoharisha, lakini kuyatumia ni makuruhi: nayo ni maji yaliyopashwa moto na jua. Je, mtu aondoe chombo ambacho hakuna kitabu kilichokichukia, aweke mahali pake chombo ambacho kazi yake hasa ni kuyapasha maji moto kwa jua?

Swali hili si la mchezo kwa watu ambao maji ya moto kwao ni sehemu ya maisha. Mombasa ni mji wa joto, ndiyo, lakini kipupwe kinapoingia na kusi likavuma alfajiri, mzee wa miaka 80 anayeoga janaba kabla ya swala ya asubuhi huyahisi maji ya birika mpaka mifupani. Mzazi hukandwa kwa maji ya moto katika arubaini yake. Mgonjwa aliyetoka hospitali hawezi kumwagiwa maji yaliyolala ndani ya birika la mawe usiku kucha.

Neno makuruhi liwekwe mahali pake kwanza, kwa sababu mitaani husemwa kana kwamba ni ndugu wa haramu. Aliyetawadha kwa maji ya makuruhi udhu wake umesihi, swala yake imesihi, na hana dhambi. Aliyeyaacha ndiye aliyefanya lililo bora. Wakati wa swala ukibana na hakuna maji mengine, kuyatumia hugeuka kuwa wajibu, wala mtu haruhusiwi kuyapita akaenda kutayamamu. Wanazuoni wa Shafi waliulizana jambo jingine zaidi. Je, karaha hii ni ya kisheria, ambayo mtu hupata thawabu kwa kuiepuka akikusudia kutii, au ni ya ushauri tu, mfano wa mtu kuambiwa asilale na nguo mbichi? Kila kauli ilipata wafuasi. Kwa mwenye kuchagua hita, tofauti hiyo ina uzito kuliko inavyoonekana, maana ikiwa karaha ni ya ushauri, basi inafuata madhara popote yalipo, na madhara yakiondoka nayo huondoka.

Asili ya hukumu inaelekea huko. Imamu Shafi mwenyewe, aliyefariki mwaka 204 Hijria (820), aliandika katika kitabu chake al-Umm kwamba hayachukii maji ya jua isipokuwa kwa upande wa tiba. Akataja habari ya Umar bin al-Khattab, kwamba alikuwa akichukia kuoga maji hayo kwa kuwa yanaleta mbalanga. Katika mlolongo wa habari hiyo yumo Ibrahim bin Muhammad, msimulizi ambaye wahakiki wengi wa hadithi hawampokei. Ipo pia hadithi inayonasibishwa kwa Mtume akimkataza Bi Aisha asiyatumie. Wahakiki hawakuipa uzito, na wengine waliihesabu kuwa ya kuzuliwa. Imam an-Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria (1277), ana kauli mbili mkononi mwa wanafunzi wake. Katika kitabu chake Minhaj, alipokuwa akifupisha kazi ya ar-Rafii, aliandika kuwa maji ya jua ni makuruhi. Alipokaa kuhakiki katika vitabu vyake vikubwa, aliona kwamba hakuna hadithi iliyothibiti wala matabibu hawakuthibitisha kitu, akachagua kwamba hakuna karaha yoyote. Kauli ya kwanza ndiyo iliyosafiri. Ibn Hajar al-Haytami, aliyefariki mwaka 1567, na ar-Ramli, aliyefariki mwaka 1596, waliishikilia, na hao wawili ndio nguzo za fatwa za Kishafi mpaka leo.

Mtu aliyeipata hukumu hii kwa mstari mmoja wa Abu Shujaa amepewa jawabu bila hesabu yake. Hesabu imo katika masharti, na masharti ni mengi kiasi cha kushangaza kwa jambo dogo namna hii. Maji yawe yamepata moto wa jua katika nchi ya joto kali. Makka ndiyo mfano wanaoutoa, na wakaziacha Misri na Shamu. Chombo kiwe cha madini yanayofuliwa kwa nyundo, kama shaba na chuma, isipokuwa dhahabu na fedha kwa usafi wa asili yake. Kwa hivyo chombo cha udongo, cha mbao, cha ngozi au cha kioo hakimo. Maji yatumike mwilini; kufulia nguo hakuna neno. Yatumike yangali moto. Yakishapoa karaha imeondoka. Maziwa na mito iliyo wazi juani haimo kabisa. Nyuma ya masharti haya ipo picha moja: ukali wa jua unabandua kutoka katika madini utando mwembamba unaoelea juu ya maji, utando huo unaganda juu ya ngozi, unazuia damu kupita, na mbalanga inatokea. Kwa nini moto wa kuni hauna karaha basi? Wanazuoni walijibu kwamba moto una nguvu ya kuuteketeza utando ule. Umar huyo huyo anasimuliwa kuwa alikuwa akipashiwa maji katika chombo cha shaba juu ya moto, kisha akayaoga.

Tiba ya leo haiijui njia hiyo ya kupata mbalanga. Ugonjwa huo huja pale chembe zinazoipa ngozi rangi zinapokufa, na sababu kubwa inayojulikana ni kinga ya mwili kuzishambulia chembe zake yenyewe. Hilo haliwashushi hadhi wanazuoni wa kale. Walichukua elimu bora ya miili waliyokuwa nayo, wakaitumia kumlinda mwenye kuswali, na wakaiwekea mipaka kwa uangalifu ili mtu asizuiwe maji pasipo sababu.

Majenzi ya pwani yalilifanya suala hili lisisikike kwa karne nyingi. Msikiti wa Mandhry, unaosemwa kujengwa mwaka 1570, na misikiti mingine ya kale ya mji huu ilitegemea visima na mabirika ya mawe na chokaa, yaliyojengwa kivulini, na maji yakachotwa kwa kata. Nyumba nazo zilikuwa na birika lake chooni, ndani kabisa, ambako jua halifiki. Jiwe si madini ya kufuliwa, na kivuli si jua. Masharti mawili yalianguka kabla ya mtu kuuliza. Kisha yakaja madebe, na baada yake matangi ya bati juu ya dari, na hapo ndipo masharti yote yalipokutana juu ya paa moja. Leo matangi mengi ni ya plastiki, mengi yao meusi. Saa nane mchana, mtu akifungua mfereji ghorofa ya juu, maji ya mwanzo humchoma vidole. Mji mzima unatawadhia adhuhuri maji yaliyopashwa na jua na hakuna anayelalamika, na kwa mujibu wa vitabu hana la kulalamikia, kwa kuwa plastiki haifuliwi kwa nyundo.

Hita ya jua inayouzwa madukani nayo haina sura moja, na hapa fikihi ya kale inageuka kuwa kali kuliko maelezo ya muuzaji. Aina ya kwanza ni ya mirija ya vioo yenye ombwe kati ya kuta zake mbili. Katika zile za bei nafuu maji yenyewe huingia ndani ya mrija, hupata moto humo, hupanda, na kujikusanya katika tangi lililolala juu yake. Mahali jua linapoyakuta maji ni kioo, na kioo kimetolewa kwa jina. Aina ya pili ni ya sahani bapa: kisanduku chenye kioo juu, na chini yake mabomba ya shaba yaliyobanwa kwenye bati jeusi. Maji yakipita humo moja kwa moja, yamepashwa na jua ndani ya shaba, katika nchi ya joto, na yatafika mwilini yangali moto. Mwenye kushika kauli ya Ibn Hajar hana pa kupenya. Lakini ipo sahani bapa ya mzunguko wa ndani, ambamo kimiminika kingine ndicho kinachozunguka kati ya shaba na tangi, kikiyapa maji joto bila kuyagusa. Maji ya kuogea hapo hayakuliona jua wala shaba ya juani. Yamepashwa na chombo chenye joto, kama sufuria inavyopashwa na jiko. Na umeme unaotokana na paneli za jua hauna hata harufu ya mjadala huu.

Kwa hiyo, hata kwa kauli ngumu kuliko zote, mnunuzi hahitaji kulikimbia jua. Anahitaji kumuuliza fundi swali moja: maji nitakayooga yanapita ndani ya nini? Swali hilo lina faida hata kwa asiyeswali. Maji ya visima vya Mji wa Kale yana chumvi, na hata ya mfereji, yanayoletwa kutoka chemchemi za Mzima na visima vya Baricho kando ya mto Sabaki, huacha ukoko mweupe ndani ya birika la chai. Chumvi na ukoko huo hula mabomba na kuziba njia. Mzunguko wa ndani, unaomtuliza mwenye wasiwasi wa dini, ndio pia unaodumu zaidi katika maji ya Mombasa.

Serikali ya Kenya iliingia katika suala hili mwaka 2012, ilipotoa kanuni za kupasha maji kwa jua: jengo linalohitaji zaidi ya lita 100 za maji ya moto kwa siku lifungwe mitambo ya jua, itosheleze angalau asilimia 60 ya mahitaji ya mwaka. Hoja ilikuwa nishati. Hakuna aliyeandika kanuni ile akimfikiria Abu Shujaa, lakini mlangoni mwa nyumba ya Mswahili amri hizo mbili zilikutana, na ni vizuri kujua kuwa hazigombani.

Iliyobaki ni hita ya gesi yenyewe, ambayo vitabu havina neno nayo. Maji yaliyopashwa kwa moto hayachukiwi katika madhehebu ya Shafi, hata kama kilichochomwa ni najisi, jambo ambalo Mahanbali hawakubaliani nalo. Kinachochukiwa ni maji ya moto mno au ya baridi mno, kwa kuwa humfanya mtu aharakishe na asikamilishe viungo. Ukisoma vitabu peke yake, gesi ndiyo salama na jua ndilo lenye shaka. Ukiingia bafuni, mambo yanageuka.

Bafu la nyumba ya kale mara nyingi ni chumba chembamba chenye kuta za mawe ya matumbawe unene wa zaidi ya futi moja, na dirisha la ukubwa wa sahani. Hita imetundikwa ukutani, mtungi umesimama chini yake au nyuma ya mlango. Mfereji ukifunguliwa husikika mlio wa cheche mara tatu nne, kisha moto unashika kwa mshindo mdogo. Katika kidirisha cha hita huonekana ndimi za buluu zilizosimama sawasawa. Zikianza kulegea na kuwa za manjano, na masizi yakajichora juu ya bati, moto haupati hewa ya kutosha. Hapo ndipo inapozaliwa monoksaidi ya kaboni, hewa isiyo na rangi wala harufu, inayoshikana na damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni mara mia mbili na zaidi. Mwenye kuoga huhisi kichwa kizito na miguu imekufa ganzi, akadhani ni mvuke. Gesi ya mtungi yenyewe hutiwa harufu ili ikivuja ijulikane, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa hutambaa sakafuni ikijaza chumba kutoka chini. Lakini monoksaidi ya kaboni haina mjumbe.

Hili ndilo linalofaa kuitwa makuruhi leo, na kwa bafu lililofungwa bila bomba la moshi, ni zaidi ya makuruhi. Sababu ya hukumu ya maji ya jua ilikuwa madhara ya mwili: dhana ya madhara, iliyopokelewa kwa msimulizi dhaifu, ikatosha kwa wanazuoni kusema liepukwe. Madhara ya hita ya gesi ndani ya chumba kisichopumua si dhana. Mwenye kuihama sahani ya jua kwa ajili ya mbalanga, akamfungia mama yake hita ya gesi bafuni bila njia ya moshi, ameshika maneno ya Imamu Shafi na kuiacha njia yake. Kanuni ya kuondoa madhara ni miongoni mwa kanuni tano kubwa za fikihi, na haikuishia katika vyombo vya shaba.

Gesi yaweza kuchaguliwa kwa haki, kwa masharti yake. Hita itundikwe nje ya bafu, katika uwanja wa ndani au varanda iliyo wazi, na maji peke yake ndiyo yaingie. Bomba la moshi, likihitajika, lisielekezwe dirishani kwa jirani. Vichochoro vya Mji wa Kale ni vyembamba kiasi kwamba moshi wa nyumba moja ni chakula cha nyumba ya pili. Mji huu pia ni eneo la hifadhi, na tundu jipya katika ukuta wa mbele si jambo la kukatwa kiholela. Tena hita ya papo kwa papo haiwaki bila msukumo wa maji. Tangi lililo mita 10 juu hutoa msukumo wa bar 1. Lililo mita 3 tu juu ya hita hutoa karibu thuluthi ya hapo, na hita nyingi zilizotengenezwa kwa miji yenye maji ya nguvu zitagoma. Jua nalo lina masharti: tangi la lita 150 likijaa, pamoja na fremu yake, hukaribia kilo 200, na dari ya boriti za mikoko iliyoliwa na unyevu kwa miaka 100 isibebeshwe mzigo huo kabla ya fundi kuikagua.

Ukubwa wa hita ni suala la dini kuliko aina ya moto. Imepokewa katika hadithi sahihi kwamba Mtume alikuwa akitawadha kwa kibaba kimoja na kuoga kwa pishi moja hadi vibaba vitano. Pishi hiyo, yaani swaa, ni kama lita 2 na robo tatu. Hita ya lita 10 kwa dakika huitoa pishi nzima katika sekunde 17. Ndoo ya lita 20, ikitolewa kwenye nyuzi 26 za kawaida hadi nyuzi 40, hutumia takriban gramu 30 za gesi, hivyo mtungi wa kilo 13 hupasha ndoo 400 na kitu. Mtungi huo huo ukiunganishwa na shawa iliyoachwa wazi mtu akijipaka sabuni hauonyeshi dalili ya hesabu hiyo. Nyumba ya watu watano inayooga kwa ndoo na kata haihitaji hita kubwa. Inahitaji ndogo inayowaka kwa msukumo mdogo. Muuzaji anayepima familia kwa idadi ya vyumba anapima kitu kingine.

Wapo wanaoona kwamba kupasha maji kabisa ni kujinyima thawabu, kwa kuwa imepokewa kwamba kukamilisha udhu wakati wa taabu huinua daraja. Izzuddin bin Abdissalaam, mwanachuoni wa Kishafi aliyefariki mwaka 1262, alilifafanua vizuri: taabu haitafutwi kwa ajili yake yenyewe, mtu hulipwa kwa kuivumilia pale ibada isipoepukana nayo. Amr bin al-Aas, katika safari ya Dhatus-Salaasil, alipata janaba usiku wa baridi kali, akahofia nafsi yake, akatayamamu na kuwaswalisha wenzake. Alipoeleza sababu yake mbele ya Mtume, hakukemewa. Aliyeruhusiwa kuacha maji kwa baridi hawezi kulaumiwa kwa kuyapasha.

Mombasa haina madhehebu moja. Mabaluchi na Wamemoni ni Mahanafi. Makhoja Ithnaasheri wanafuata fikihi ya Jaafari, ambayo nayo huchukia kutawadha kwa maji yaliyopashwa na jua katika vyombo. Fikihi hiyo inaongeza karaha isiyo katika Shafi: maiti asioshwe kwa maji yaliyopashwa kwa moto, ila pakiwa na dharura. Mashafi wanafika karibu na hapo kwa njia nyingine. Kwao maji ya baridi ndiyo bora kwa maiti, kwa kuwa huukaza mwili, na ya moto huletwa tu ikiwa kuna uchafu usiotoka au baridi inayomuumiza mwoshaji. Katika chumba cha kuoshea maiti, basi, suala la gesi na jua halipo. Ndoo hujazwa kutoka mferejini, mkunazi uliopondwa hutiwa katika maji ya mwanzo na kafuri kidogo katika ya mwisho, na mwoshaji huanza upande wa kulia.